MAMA MUZEE NA TRIKO YAKE
Somo juu ya kusoma romani za upelelezi



Siku moja, katika saa ya etudi ya mangaribi, nilipita kati ya meza na kumuona mwanafunzi mumoja akiangalia kitabu chake cha jometri kwa bidii ya ajabu. Tena alikuwa anacheka kidogo. Nikajiuliza: tangu wakati gani jometri inamuchekesha mutu? Nikakaribia polepole. Kumbe ndani ya kitabu cha jometri kulikuwa kitabu kingine, kidogo, chenye jalada la manjano. Nilikikamata, kama sheria inavyosema. Lakini niseme ukweli wote: usiku ule mimi mwenyewe nilikisoma mpaka petroli ikaisha katika taa. Asubuhi nilimurudishia mwenyewe, nikamukataza kukisoma katika saa ya etudi, halafu nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hana kingine cha namna ile.

Ndiyo sababu naona ni vizuri tufanye somo juu ya vitabu hivi. Wengine wanasema ni kupoteza wakati. Wengine wanasema ni vitabu vya wauaji, havifai shuleni. Mimi ninasema kama ni vitabu vya kufurahisha, na kufurahi si kosa. Tena ndani yao kuko fundisho moja ambalo sisi tunaokaa pamoja katika internati tunalihitaji sana. Fundisho lile nitalieleza mbele kidogo. Musiruke kurasa kwenda kulitafuta.

1. NI VITABU GANI?

Romani za upelelezi ziko za namna nyingi. Kuko zile za bunduki, za motokari zinazofukuzana, za damu katika kila ukurasa. Si zile ninazozisema leo. Ninasema zile za utulivu. Alama zao ni hizi: jambo linatokea katika muji mudogo, ambapo kila mutu anamujua mwenzake. Kifo chenyewe hatukioni, ao kinaelezwa kwa mistari miwili tu. Watu wanaendelea kunywa chai na kusengenyana kidogo. Yule anayevumbua ukweli si polisi wala mutu wa serikali; ni raia kama wewe na mimi, mwenye macho mawili na akili moja. Mwishoni ukweli unajulikana, na muji unapata amani tena. Na kwa sababu mupelelezi ni yule yule, kitabu kimoja nyuma ya kingine, musomaji anamuzoea kama jirani yake.

Mufano ninaoujua vizuri ni Miss Marple. Aliyemuandika ni mama Mwingereza, Agatha Christie, aliyezaliwa Torquay, kusini ya Uingereza, mwaka 1890, akakufa mwaka 1976. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alitumika katika hospitali ya muji wake, katika chumba cha kutengenezea dawa, na kule alijifunza mambo ya sumu. Usishangae basi kuona sumu mara nyingi katika vitabu vyake. Pengine munamujua zaidi Hercule Poirot, yule Mubeleji mwenye masharubu, ambaye Christie alimuleta mara ya kwanza kama mukimbizi wa vita. Lakini Poirot alikuwa polisi katika inchi yake, na upelelezi ni kazi yake. Miss Marple hakufanya kazi ile hata siku moja.

Miss Marple ni mama muzee asiyeolewa, mwenye nywele nyeupe, anayekaa katika nyumba ndogo katika muji wa St. Mary Mead. Musiutafute muji ule katika karte ya Uingereza. Christie aliuwaza tu. Mama huyu anapenda maua ya bustani yake, anafuma triko ya sufu, na anatumia miwani ya kuonea mbali kusudi aangalie ndege. Majirani wanajua vizuri kama haangalii ndege tu. Christie mwenyewe alieleza kama alimuwaza akikumbuka nyanya yake na wamama wazee rafiki za nyanya yake.

Alionekana mara ya kwanza katika hadisi fupi ya mwaka 1927, na ile hadisi inaonyesha namna yake yote. Siku ya pili ya juma, usiku, watu wamekusanyika katika nyumba yake: mwandishi wa vitabu, ambaye ni mutoto wa ndugu yake, binti anayechora picha, mukubwa wa zamani wa polisi ya London, muchungaji, na mwanasheria. Wanakubaliana kama kila mumoja ataeleza jambo la siri, na wengine watatafuta jibu. Wanahesabu: watu watano. Mama muzee, aliyekaa karibu na moto na triko yake, anawakumbusha kwa upole kama wamemusahau yeye. Wanamuongeza kwa sababu ya adabu tu. Lakini mukubwa wa polisi anapoeleza jambo lake, wale wenye elimu wote wanakosa jibu, na ni mama muzee anayelipata, bila kuacha kufuma. Katika Kifaransa hadisi ile inapatikana katika kitabu kinachoitwa Miss Marple au Club du mardi.

Tangu pale alitokea katika romani 12 na hadisi fupi 20. Romani ya kwanza ilitoka mwaka 1930, na ya mwisho ilitoka mwaka 1976, mwaka ule ule ambao Christie alikufa. Kila romani inasimama peke yake, kwa hiyo unaweza kuanza na yoyote utakayoipata.

2. SHERIA ZA MUCHEZO

Romani ya upelelezi ni muchezo kati ya mwandishi na musomaji. Mwandishi anaficha, musomaji anatafuta. Na kila muchezo una sheria, kama vile katika mupira hatukubali mutu afunge goli kwa mukono.

Mwaka 1929 padri mumoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye yeye pia aliandika romani za namna hii, alitoa sheria 10. Nitaje ine tu. Mwenye kosa sharti aonekane mapema katika hadisi, asiletwe gafula katika kurasa za mwisho. Nguvu za roho na uchawi zisitumiwe katika kuvumbua. Mupelelezi mwenyewe asiwe ndiye aliyefanya kosa. Na kila alama ambayo mupelelezi anaipata, musomaji pia aonyeshwe. Waandishi wa London walifanya pia chama chao, Detection Club, na Christie alikuwa mumoja wao. Aliyeingia aliapa kama wapelelezi wa vitabu vyake watatumia akili yao tu; hawatasaidiwa na maono, wala na uganga, wala na bahati.

Tusimame kidogo juu ya kiapo kile. Mupelelezi wa kitabu haruhusiwi kuota ndoto juu ya mwizi. Haruhusiwi kwenda kwa mufumu kuuliza ni nani aliyeua. Haruhusiwi hata kusema: "Moyo wangu unaniambia kama ni yeye." Moyo unaweza kumuambia, ndiyo, lakini nyuma ya pale sharti aonyeshe: saa hii, mulango huu, neno hili. Kama hawezi kuonyesha, hana kitu. Sasa ninauliza: wakati pesa inapotea kwetu, ao mutu anakufa kijijini bila kuugua sana, sisi tunatumia sheria gani? Hii si hadisi tena. Kuko watu waliofukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya ndoto ya mutu mwingine.

3. NAMNA MISS MARPLE ANAVYOTAFUTA

Sitawaambia nani aliua katika kitabu chochote. Mwalimu anayefanya vile anastahili kunyimwa chai. Lakini naweza kuwaonyesha njia za mama huyu.

Njia ya kwanza: kusikiliza mpaka mwisho. Katika romani ya kwanza, ambayo Kifaransa wanaiita L'Affaire Prothero, anayeeleza habari yote ni muchungaji wa St. Mary Mead. Siku moja mezani, akikata nyama iliyo ngumu kama kiatu, anasema kwa hasira kama mutu atakayemuua Koloneli fulani atakuwa amewasaidia watu wote. Na tazama, nyuma yake kidogo Koloneli yule anakutwa amepigwa risasi katika biro ya muchungaji mwenyewe! Pembeni yake saa ya mezani imeanguka, imesimama kwenye 6 na dakika 22. Polisi anafurahi: saa ya kifo imejulikana. Muchungaji anataka kumuambia jambo moja, kama saa ile yeye huiweka mbele kwa dakika 15 kusudi asichelewe. Polisi anamukatisha neno. Yeye ndiye anayeuliza maswali, hataki kuelezwa. Hivi anapoteza wakati, juu ya kukataa kusikia neno moja dogo. Miss Marple hafanye vile. Yeye anamuacha kila mutu aseme, hata mutumishi wa jikoni, hata mutoto.

Njia ya pili: kutomuzarau mushuhuda. Katika Le Train de 16 h 50, ya mwaka 1957, mama mumoja amekaa ndani ya treni, anatoka London kununua vitu vya Noeli. Treni nyingine inakwenda kando ya yake, upande ule ule. Kwa kitambo kidogo anaona ndani ya dirisha la treni ile mwanaume anayemukaba mwanamuke shingo. Halafu treni ile inamupita. Anawaambia wakubwa wa treni, anawaambia polisi. Wanatafuta, maiti haipatikani. Basi wanawaza kama ni mama muzee aliyeota ndoto. Miss Marple anamujua rafiki yake: ni mutu asiye na mawazo mengi, hawezi kutunga hadisi kama ile hata akipewa pesa. Kwa hiyo aliona. Kama aliona, maiti iko. Kama maiti haiko ndani ya treni, ilitupwa nje. Anachukua karte na saa za treni, anatafuta pahali ambapo njia inapinda karibu na nyumba kubwa. Na kwa kuwa magoti yake yamechoka, anamutuma binti aliyesoma hesabu katika universite ya Oxford, akachagua kazi ya nyumba kwa sababu watumishi wazuri ni wachache na wanalipwa vizuri. Binti huyu, Lucy, anachekesha sana. Ninyi wa seksio ya hesabu mutamupenda.

Njia ya tatu: kutenganisha kuona na kuwaza. Katika Un meurtre sera commis le..., ya mwaka 1950, gazeti la muji linatangaza asubuhi kama mangaribi ya siku ile kutakuwa uuaji katika nyumba fulani, na rafiki wote wanaalikwa. Majirani wanafikiri ni muchezo. Wanakuja, kila mumoja na sababu yake ya uongo: mumoja amepita tu, mwingine ameleta habari ya kuku. Saa inapiga, taa zinazimika, mulango unafunguka, torshi inawamulika, bunduki inalia. Wakiulizwa, wanajaza mambo mengi. Lakini fikiri: katika giza, na torshi ikiwapiga machoni, waliweza kuona nini kweli? Sehemu moja waliiona, sehemu nyingine waliitunga wenyewe bila kujua kama wanatunga. Hawakuwa wadanganyifu. Ni sisi wote tuko vile.

Njia ya ine: kufananisha. Miss Marple anasema kama watu ni wamoja kila pahali, na muji mudogo ni shule ya kutosha. Akisikia habari ya tajiri wa London, anakumbuka kijana wa muuza samaki ao mutumishi fulani wa zamani. Wengine wanamucheka, lakini mara nyingi anapatia. Hata hivi, muangalie vizuri: kufananisha kunamupa mahali pa kuanza kutafuta, hakumupi hukumu. Nyuma ya kufananisha anatafuta alama.

Na sasa neno kubwa kuliko yote. Kwa nini anajisumbua? Katika Un cadavre dans la bibliothèque, ya mwaka 1942, binti asiyejulikana anakutwa amekufa katika nyumba ya rafiki yake, asubuhi, juu ya tapi. Kwanza yule rafiki anaona kama ni jambo la kusisimua, anamuita Miss Marple kwa telefone. Halafu siku zinapita, na majirani wanaanza kumuangalia mume wake kwa jicho lingine. Hakuna anayemushitaki. Ila wanaacha kumualika. Wanakatisha mazungumzo akiingia. Muzee yule anaanza kunyauka, na hajafanya kosa lolote. Pale tunafahamu kama mupelelezi hatafuti mwenye kosa tu. Anawatafutia uhuru wote wengine. Mpaka siku ukweli unapotokea, watu kumi wanabeba muzigo wa mutu mumoja.

4. JAMBO LILILOTUPATA SISI

Nilipokuwa mwanafunzi, katika shule ambayo sitaitaja, mwenzetu mumoja alipoteza pesa ya minervali. Alikuwa ameiweka ndani ya sanduku lake la chuma, chini ya kitanda. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba, usiku na muchana. Siku ya kulipa ilipofika, alifungua kofuli yake, akapekua nguo zote: pesa haiko. Akalia sana. Nasi tulilia naye, maana baba yake alikuwa ameuza mbuzi wawili.

Nyuma ya nusu saa tulikuwa tumekwisha kujua mwizi. Alikuwa kijana mumoja aliyetoka mbali, ambaye wazazi wake hawakumutumia kitu. Hakucheza mupira, hakusema mingi. Katika juma lile alikuwa na homa, akabaki siku moja peke yake katika dortwari. Tena, tangu siku ile alikuwa na sandali mupya! Tulihitaji nini zaidi? Usiku tulifanya tribinali yetu kati ya vitanda. Alisema: "Sandali nilipewa na mujomba wangu, aliyepita hapa na kamyo." Hakuna aliyekwenda kumuuliza mujomba. Hatukumupiga, na tulijiona watu wazuri juu ya ile. Ila hakuna aliyekula naye tena. Akikaa mezani, benchi ilibaki wazi pande zote mbili. Nyuma ya majuma mawili alibeba godoro lake, akaenda kwao. Hakumaliza masomo.

Mwisho wa mwaka tulirudisha vitabu vya shule. Mwenye pesa aliondoa karatasi ya kaki aliyofunikia kitabu chake cha jeografi, na pesa yote ikaanguka chini. Akakumbuka. Usiku mumoja aliogopa kama sanduku halitoshi, akaificha pale, halafu yeye pia homa ilimushika na akasahau. Tuliandika barua kwa yule kijana. Jibu halikuja.

Sasa, musomaji, mimi nimefuata sheria ya Knox. Alama nilikuonyesha mbele. Umeiona? Kofuli haikuvunjwa. Mwenyewe aliifungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake usiku na muchana. Mwizi aliingia wapi? Watu makumi ine tuliiona kofuli ile nzima kabisa, na hakuna mumoja aliyeiangalia, kwa sababu sisi wote tulikuwa tunaangalia sandali. Kama kati yetu kungalikuwa mama muzee mumoja na triko yake, angaliuliza maswali matatu tu: Uliiona pesa kwa macho yako mara ya mwisho siku gani? Kofuli ilikuwa namna gani? Na mujomba yule wa kamyo anasema nini? Maswali matatu, na kijana angalipata diploma yake.

Ninawaeleza hii si kusudi muhuzunike. Ninataka mujue kama kusoma kwa kucheka kunaweza kufundisha macho.

5. NAMNA YA KUSOMA

Ukipata kitabu cha namna hii, pima kufanya hivi:

Kwanza, chukua karatasi na uandike majina ya watu wote wanapotokea, na kazi ya kila mumoja. Majina ya Kiingereza yanachanganya. Bila karatasi, kwenye ukurasa wa 40 hutajua tena nani ni daktari na nani ni muke wa daktari.

Pili, upande mwingine wa karatasi andika saa na mahali: nani alikuwa wapi, na nani anasema vile. Kama ni yeye peke yake anayesema, weka alama ya kuuliza.

Tatu, jifunze Kifaransa bila kuteseka. Maneno haya yatarudi katika kila kitabu: témoin ni mushuhuda, indice ni alama, soupçon ni kushuku tu, na preuve ni kitu kinachohakikisha, mobile ni sababu inayomusukuma mutu kutenda, alibi ni kuonyesha kama saa ile ulikuwa pahali pengine. Angalieni pia namna imparfait inavyochora hali ya nyumba, na passé simple inavyoleta tendo linaloikata gafula. Katika romani hizi utasikia tofauti yao kuliko katika mazoezi kumi ya ubao.

Ine, mbele ya sura za mwisho, funga kitabu. Andika jina la mutu unayemushuku na sababu tatu. Kama huna sababu tatu, hujamupata, umemuchukia tu. Halafu fungua na usome. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na kila mara nilicheka, kwa sababu alama ilikuwa wazi mbele yangu.

Tano, usimuambie mwenzako mwisho. Anayesema mwisho wa kitabu katika dortwari ameiba furaha ya watu.

6. MAONYO MAWILI

La kwanza: vitabu hivi ni vya wakati wao na inchi yao. Utaona mabwana na watumishi, na kwa kurasa fulani watumishi ao wageni wanasemwa kwa zarau. Usimeze kila kitu. Mupelelezi mwema anamupeleleza mwandishi pia.

La pili: musianze kupekua masanduku ya wenzenu kwa kusema kama Mwalimu ametufundisha. Miss Marple hafungi mutu, hapigi mutu, hatangazi jina sokoni. Akikwisha kupata alama za kutosha, anazipeleka kwa wale wenye kazi ya kuhukumu. Kwetu ni direkta wa internati na prefe. Na kama huna alama, kazi yako ni moja tu: kunyamaza, na kukaa kwenye benchi karibu na yule ambaye wengine wamemukimbia.

MASWALI

1. Kwa nini sheria za Knox zinakataza uchawi katika kuvumbua ukweli? Toa sababu zako mwenyewe.
2. Polisi wa L'Affaire Prothero alikosea wapi juu ya saa ya mezani? Taja mufano wa mutu anayeuliza bila kusikiliza.
3. Soma tena habari ya minervali. Andika katika sehemu moja yale tuliyoyaona, na katika sehemu nyingine yale tuliyoyawaza. Sehemu gani ni ndefu?
4. Kwa wa kalasi ya tano na ya sita: andika kwa Kifaransa, katika ukurasa mumoja, hadisi ya kitu kidogo kilichopotea shuleni, kama vile ndoo, kengele ao sabuni. Weka alama tatu, na mupelelezi asiye mukubwa wa shule. Usitumie jina la mutu yeyote tunayemujua.

Kazi ya namba 4 muniletee kabla ya mwisho wa mwezi. Ile itakayonidanganya mimi mwenyewe mpaka mustari wa mwisho, tutaisoma mbele ya kalasi yote. Na kile kitabu cha manjano, mwenyewe anajua: ningali ninangoja kingine.

Mwalimu wenu wa Kifaransa